Kioo Kikipiga Chenga, Usikihukumu Kabla ya Kukihoji

Kuna kilio kimoja ambacho siku hizi hukosi kukisikia ukikaa nusu siku katika kibanda cha fundi wa kompyuta: "Fundi, laptopu yangu kioo kimekufa." Mwenyewe huwa ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Akiifungua, utaona mistari ya rangi imesimama wima kama fito za ua, au picha inatetemeka kama taa ya koroboi penye upepo, au maandishi yamekatikakatika na kupandiana hata hayasomeki. Kwa mwenye mali, shauri limekwisha. Kioo ndicho kinachoonyesha ubaya, basi kioo ndicho kibaya. Linalobaki ni kuuliza bei ya kipya.

Mafundi niliowatembelea Migori na Homa Bay, huko magharibi ya Kenya, wana kauli nyingine, na kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wao husema kioo ni kama mdomo. Mdomo ukitoa maneno ya ovyo, mwenye busara hakimbilii kuushona. Hutazama kwanza kichwa kina nini. Fundi atakayekubadilishia kioo kabla ya kuuliza swali hata moja, wanasema, ni sawa na mganga anayetoa dawa mgonjwa akiwa angali mlangoni.

Ndugu msomaji wa pwani huenda ukauliza, kwa nini niende mbali hivyo kutafuta habari ya kioo cha kompyuta, na Mombasa mafundi wamejaa? Nitakueleza. Katika mji mkubwa, kosa la fundi ni hasara ya pesa tu. Ukikosea kununua kipuri, unavuka barabara na kununua kingine. Lakini fundi wa Migori hana ghala la vipuri mlangoni pake. Kioo cha laptopu aghalabu huagizwa Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli Avenue, kikasafiri usiku kucha kwa basi kikiwa kimefungwa kwa maboksi na magodoro. Akiagiza kisichohitajika, mteja amepoteza pesa, amepoteza siku, na kazi yake imelala. Kwa hiyo watu wa huko wamejifunza kwa lazima lile ambalo wengine hujifunza kwa hiari, yaani kuujua ugonjwa kabla ya kuitafuta dawa.

MIJI MIWILI

Migori na Homa Bay zamani zilikuwa chini ya wilaya moja, South Nyanza, na makao makuu ya wilaya hiyo yalikuwa Homa Bay. Leo kila mji una kaunti yake, tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Migori umekaa juu ya barabara kuu iendayo Isebania, ambako ukivuka mpaka unaingia Sirari, Tanzania. Kwa sababu hiyo Kiswahili hakina ugeni hapo. Mjaluo, Mkuria, Msuba, Mkisii, Msomali na mfanyabiashara aliyetoka upande wa pili wa mpaka, wote hukutana dukani kwa lugha hii. Homa Bay nao umeinama kando ya Ziwa Victoria, juu ya ghuba ya Winam, na harufu ya omena wanaoanikwa juani inakupokea kabla ya mtu kukupa mkono.

Kutoka mji mmoja hadi mwingine unapita Awendo, penye kiwanda cha sukari, kisha Rongo, na hapo unaiacha njia kuu na kuteremka kuelekea ziwani. Si safari ndefu. Lakini katika njia hiyo niliona laptopu nyingi kuliko nilivyotazamia. Mwanafunzi wa chuo anayo mgongoni, mwalimu anayo mkobani, karani wa chama cha akiba anayo kapuni pamoja na mboga. Nyingi si mpya. Ni zile zilizotumika kwanza ofisini huko Ulaya, zikaletwa Kenya kuuzwa kwa bei nafuu, na wauzaji huziita "ex-UK". Mashine ya namna hiyo huja na umri wake, nayo haikosi maradhi ya uzeeni.

PICHA HUSAFIRI

Ili tuelewe kauli ya mafundi hawa, hapana budi tuijue safari ya picha. Unachokiona kiooni hakikuzaliwa pale. Picha hutungwa chini, katika chipu inayoshughulika na michoro, iliyo kwenye ubao mkuu wa mashine. Inapoitunga, chipu hiyo hutumia kumbukumbu ya kompyuta kama msusi wa mikeka anavyotandaza ukili wake sakafuni. Ikisha kutungwa, picha hupita katika waya mwembamba, uliopenyezwa ndani ya bawaba, pale mfuniko unapokunjikia. Waya ule hupanda hadi nyuma ya kioo na kuchomekwa kwenye kibao kidogo, nacho kibao ndicho kinachogawa amri kwa kila nukta: wewe kuwa nyekundu, wewe kuwa buluu, wewe zimika.

Nukta hizo si chache. Kioo cha kawaida cha laptopu za miaka iliyopita kina nukta 1,366 kwa mapana na 768 kwa marefu, na ukizidisha unapata nukta zaidi ya milioni moja. Kila nukta ina vijisehemu vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu. Na amri hizo zote hutolewa upya kiasi cha mara 60 katika kila sekunde moja. Nyuma ya hayo yote kuna taa inayoangaza, maana nukta zenyewe hazina mwanga wake. Kazi yake ni kuruhusu mwanga kupita au kuuzuia, kama vile mapazia milioni tatu ya madirisha.

Mapazia hayo yametengenezwa kwa kitu cha ajabu. Mwaka 1888, mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer alikuwa mjini Prague akichunguza dawa iliyotokana na mafuta ya karoti. Alipoipasha moto, aliona inayeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145 hivi ikawa uji wenye ukungu, na ilipofika kiasi cha nyuzi 178 ukungu ukaondoka ikawa angavu kama maji. Ile hali ya katikati, ambayo si kigumu wala si maji kamili, ndiyo iliyokuja kuitwa fuwele za kimiminika. Ilichukua miaka karibu 80 kabla ya wataalamu wa Marekani na Ulaya kuigeuza kuwa kiwambo cha kuonyeshea picha. Leo fuwele hizo zinatumika katika kibanda cha mabati kando ya soko la Migori, na fundi anajua vizuri kwamba hazipendi kubonyezwa.

Sasa tazama, msomaji. Safari hiyo ina vituo vingi: programu, chipu, kumbukumbu, waya, kibao, fuwele na taa. Ubovu ukitokea katika kituo chochote, malalamiko yote hutokea mahali pamoja tu, usoni. Ndiyo sababu kioo husingiziwa.

FUNDI WA MASWALI

Katika Migori nilikaa na fundi mmoja kijana, mwenye meza moja, taa moja ya kuinamia na kopo la bisibisi ndogondogo. Alikuja mwanafunzi wa chuo na laptopu iliyojaa vipande vya rangi kama kanga iliyochanwa. Kwa maneno ya mwanafunzi, alikwisha ambiwa kwingine kwamba anunue kioo kwa shilingi 7,500, na alikuwa ametuma ujumbe nyumbani ili kuku na mahindi yauzwe.

Fundi hakugusa bisibisi. Alianza kuuliza. Ilianza lini? Ilianguka? Ilimwagikiwa na chai? Ukiusogeza mfuniko, picha inabadilika? Kabla ya kuharibika uliongeza programu gani? Mashine yenyewe huganda, au ni picha tu inayochafuka?

"Huganda, fundi," mwanafunzi alijibu. "Wakati mwingine huzima yenyewe."

Fundi akanigeukia. "Umesikia, mzee? Kioo hakiwezi kuifanya mashine igande. Hapa kuna neno jingine."

Akachukua waya wa HDMI na kuiunganisha laptopu na televisheni yake kuukuu iliyotundikwa ukutani. Vipande vilevile vya rangi vikatokea pale pale. Ilikuwa hoja ya kutosha. Televisheni ile haina uhusiano wowote na kioo cha laptopu, wala waya wake haupiti katika bawaba. Ikiwa zote mbili zinaonyesha uchafu mmoja, basi uchafu umetoka chini, kabla njia hazijaachana.

Alizima mashine, akachomoa umeme, akaondoa betri, akafungua kifuniko cha chini. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya kumbukumbu. Akakitoa kimoja, akaiwasha: uchafu. Akakirudisha hicho na kukitoa cha pili: picha ikawa safi kama uso uliooshwa. Kile kijiti cha pili alikitazama kwenye mwanga, meno yake ya shaba yalikuwa yamefifia. Akachukua kifutio cha penseli, kile cha watoto wa shule, akayasugua meno taratibu, akapuliza, akakirudisha. Mashine ikaamka salama. Alitulia nayo robo saa nzima akiifanyisha kazi, kisha akamwambia kijana: "Ikirudia, kijiti hiki kibadilishwe. Kioo chako hakina kosa."

Malipo yalikuwa shilingi 500. Mwanafunzi alitoka nje mbio kupiga simu nyumbani, kuku wasiuzwe.

MAJARIBIO YASIYO NA GHARAMA

Nilimwomba fundi yule anipangie majaribio yake ili niwaletee wasomaji, naye hakuficha siri ya kazi. La kwanza ni hilo la televisheni, au kiwambo kingine chochote. Picha ikiwa mbaya pande zote mbili, tazama chini: programu, kumbukumbu, chipu. Ikiwa mbaya kwenye laptopu na nzuri kwenye televisheni, tazama juu: waya, kibao, kioo.

La pili ni kuitazama mashine inapoamka. Kabla Windows haijaingia kazini, kuna programu ndogo ya msingi iitwayo BIOS. Huingiwa kwa kubonyeza kitufe mara tu unapowasha, nacho ni F2, F10, Esc au Delete, kutegemea mtengenezaji. Huko programu za kawaida za michoro bado zimelala. Ikiwa picha ni safi ndani ya BIOS na inachafuka Windows inapoingia, basi shuku programu inayoendesha michoro, ambayo huweza kuondolewa na kuwekwa upya. Wakati mwingine hata hilo halihitajiki. Kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B huiamsha upya programu hiyo, na picha ikatulia.

La tatu lilinipendeza kuliko yote kwa wepesi wake. Iambie kompyuta ijipige picha yenyewe kwa kitufe cha Print Screen, kisha itume picha hiyo kwenye simu. Mistari ikionekana hata kwenye simu, ujue imo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo kioo hakina hatia. Ikiwa kwenye simu picha ni safi, basi mistari imeongezwa njiani au kiooni.

La nne ni la mkono na sikio. Fungua mfuniko polepole, uufunge nusu, uufungue tena. Picha ikicheza kadiri mfuniko unavyosogea, waya wa bawabani unalia. Na picha ikiwa imefifia mno, chukua tochi uimulike kioo kwa upande. Ukiyaona maandishi kwa mbali gizani, kioo kinafanya kazi na taa ya nyuma ndiyo iliyozimika. Laptopu nyingi za Dell zina jaribio lao zaidi: ukishikilia herufi D huku unawasha, kioo hujionyesha rangi moja baada ya nyingine bila kuingiza programu. Rangi zikitoka na mistari ileile, ubaya uko juu, kiooni au katika waya wake.

MWALIMU NA ALAMA ZA WATOTO

Homa Bay nilikuta kisa cha namna nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amesafiri kutoka upande wa Mbita, laptopu imefungwa ndani ya leso. Kwa mtaala wa siku hizi, alama za kazi wanazofanya wanafunzi darasani hutakiwa kuingizwa katika mtandao wa Baraza la Mitihani, na muda una kikomo. Alama za darasa zima zilikuwa ndani ya mashine ile. Picha ilikuwa imegawanyika vipande viwili: upande wa kushoto uliganda, upande wa kulia unatetemeka.

Huyu hakuhofia kioo. Alikuwa na hofu ya watoto wa watu.

"Mwalimu, kwanza tulia," fundi wa Homa Bay alimwambia. "Alama hazikai kwenye kioo."

Neno hilo ni dogo, lakini nilimwona mama yule akivuta pumzi. Watu wengi hawajui kwamba kioo kikifa chote, kikawa cheusi kama usiku wa kiza, maandiko yaliyohifadhiwa ndani bado yapo. Kioo ni dirisha, hazina iko chumbani. Fundi aliiunganisha mashine na kiwambo cha pembeni, orodha ya alama ikatokea yote, na kabla ya kufungua msumari hata mmoja akainakili kwenye kijiti cha kuhifadhia na kumkabidhi mwenyewe mkononi. Kisha akamwuliza kama shuleni kwake hakuna projekta. Ipo, mwalimu alisema. Shule nyingi za msingi za serikali zilipata projekta moja na laptopu mbili za walimu, pamoja na tableti za wanafunzi, katika mradi wa kitaifa ulioanza kutekelezwa mwaka 2016. Basi projekta ile ingetosha kuonyesha alama ukutani, kazi ikaendelea huku mashine ikisubiri matibabu. Mama alicheka, akashika kichwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa waya. Kila mfuniko unapofunguliwa, waya hukunjwa. Fanya hivyo mara kumi kwa siku kwa miaka mitano, nawe utapata mikunjo zaidi ya 18,000. Fundi alichomoa betri kwanza, na hapa alinionya nilisisitize jambo hili gazetini, kwa sababu waya huohuo hubeba umeme wa taa ya nyuma, na ukiuchomoa ukiwa hai unaweza kuchoma fyuzi ya ubao. Ndipo alipotoa fremu, akalaza kioo juu ya kitambaa, akachomoa kichwa cha waya. Kilikuwa kimekaa upande, kimeregea. Alisafisha vipini vyake kwa spiriti, akakirudisha sawasawa, akakaza na bawaba iliyokuwa imelegea, maana alisema bawaba ikiachwa waya utang'oka tena baada ya mwezi mmoja. Picha ikaungana.

Msomaji asidhani kwamba kioo huwa hakifi. Siku hiyohiyo aliletwa mgonjwa aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda. Doa jeusi lilikuwa limetanda pembeni kama wino uliomwagika, na nyufa zinatoka hapo kama utando wa buibui. Fundi hakujaribu lolote zaidi ya televisheni, ambako picha ilikuwa nzima. "Huyu jaduong', hana tiba," aliniambia akitumia neno la heshima la Kijaluo kwa mtu mzima. "Kioo kikipasuka ndani hakiungwi." Aligeuza nyuma, akaisoma namba ya kioo, akahesabu kama waya wake una vipini 30 au 40, ndipo akapiga simu Nairobi. Kuna viwili vinavyofanana kwa ukubwa, lakini kimoja hakikubali waya wa mwenzake.

ZIWA, UMEME NA SAMI

Kila nchi na maradhi yake. Sisi wa pwani tunaijua chumvi ya bahari inavyokula vyuma. Huko ziwani adui ni wengine. Wa kwanza ni radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye ngurumo nyingi barani Afrika, na umeme wa nyumbani hupanda na kushuka mvua inapokaribia. Laptopu iliyoachwa kwenye chaji wakati wa radi huweza kuumia ubao wake, na dalili ya kwanza ikawa picha iliyochafuka. Dawa ni kuchomoa, si kuomba Mungu huku waya umo ukutani.

Wa pili ni unyevu, unaofanya meno ya shaba yashike kutu. Wa tatu ni sami, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa mawingu na kufuata taa usiku. Mtu akifanya kazi barazani kwa mwanga wa kioo peke yake, huwaita mwenyewe. Huingia katika matundu ya kupozea, wakaganda pamoja na vumbi kwenye feni, mashine ikapata joto, na chipu ya michoro iliyochoka kwa joto ndiyo inayotoa picha za vipandevipande. Kwa hiyo kusafisha feni mara moja au mbili kwa mwaka ni tiba ya kioo pia, ingawa mwenye kioo hawezi kulifikiria hilo.

Tena kuna tiba za uongo. Wako wanaolipiga kofi kava la nyuma, wako wanaokibonyeza kioo kwa kidole kufukuza mistari. Fuwele zikibonyezwa kwa nguvu, doa dogo huwa kubwa. Wako pia wanaouoka ubao mkuu kwa moto ili risasi ya chini ya chipu iyeyuke na kushika upya. Fundi wa Migori alikubali kwamba mashine huweza kuamka baada ya moto huo. "Lakini mzee, hiyo huondoka na mteja leo, ikarudi naye baada ya wiki chache. Ukichukua pesa yake, umemwuzia siku." Yeye humwambia mwenye mali kweli, kwamba chipu imekufa, na humpa njia mbili: kununua ubao uliotumika au kuitumia mashine kwa vipuri.

LUGHA YA KIBANDANI

Wakuu wa lugha wametutungia majina mazuri: tarakilishi, kipakatalishi, kiwambo. Sina ugomvi nayo. Lakini kibandani nilisikia lugha nyingine, nayo ina mizizi. Wanasema kioo "kinapiga chenga", neno walilolirithi kwa mafundi wa televisheni za zamani, wakati picha ilipokuwa ikijaa punje kama chenga za mchele. Wanasema waya "unatanga" unapochomoka nusu. Mashine isiyo na tumaini huitwa "maiti", na maiti huyo hazikwi; hukatwa vipande, bawaba ikaenda huku, kibodi ikaenda kule, kioo kikamwokoa jirani. Kwa vioo vya kale kabisa, ambavyo taa yake ya nyuma ni kijibomba chembamba chenye zebaki, niliwaonya nao wakaniambia wanajua: havivunjwi ovyo, wala watoto hawaachiwi kuvichezea.

Mimi nikiwa mtu wa mashairi, lugha hiyo ilinipa deni, nikalilipa kwa ubeti mmoja ndani ya matatu nilipokuwa narudi Rongo:

Kioo kikiwa chenga, usikitupe haraka,
Waya huenda watanga, pembeni umechomoka,
Uliza kwa kujipanga, chanzo kitafahamika,
Mwenye pupa ni mjinga, hulipa na kuteseka.

AMANA YA FUNDI

Jambo la mwisho, nalo kwangu ndilo kubwa. Fundi wa Migori angeweza kuchukua shilingi 7,500 za yule mwanafunzi. Angeagiza kioo kipya, akakiweka, na katika kufungua na kufunga angekisafisha kile kijiti cha kumbukumbu kimyakimya. Mashine ingepona, kijana angeshukuru, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Kioo kizima kingebaki kibandani, kikauzwa kwa mwingine. Ujuzi wa namna hii humpa mtu nafasi ya kuiba mchana kweupe akapewa na asante.

Nilimwuliza kwa nini hafanyi hivyo. Hakunipa hotuba. Alisema mji ni mdogo, na mwanafunzi mmoja ana wenzake mia. Kisha akaongeza, akiwa ameinamia kazi yake, kwamba baba yake alikuwa fundi wa redio, na alimfundisha kumwonyesha mteja ubovu kwa macho yake kabla ya kumtajia bei. Hivyo ndivyo nilivyomwona akifanya kwa kila mtu: anamwita mwenye mali aje upande wa meza, anamwonyesha televisheni, anamwonyesha kijiti, ndipo anaposema fedha.

Basi wewe nawe, siku laptopu yako itakapokujia na uso uliopinda, usiende kwa fundi ukimwambia, "Nibadilishie kioo." Hapo umekwisha kujihukumu, na asiye mwaminifu atakutekelezea hukumu yako. Mwambie uliyoyaona, yalianza lini, na mashine ilikuwa inafanya nini. Mwombe aiunganishe na televisheni mbele yako. Mwambie anakili kwanza maandiko yako. Na akikuambia kioo kimekufa kweli, mwulize alijuaje. Fundi wa kweli hachukizwi na swali hilo. Atavuta kiti akuonyeshe.